Ndefu kwa Makusudi

Jumamosi, 2 Machi 1974

Salamu nyingi. Sijui kuanza vingine. Maisha yangu yote nimeandika barua tu, za kwenda kisiwani tulikotoka, kwa dada yangu, na barua yangu haianzi bila kusalimu watu. Basi nasalimu. Namsalimu Armindo mume wangu, anayekoroma kwenye kiti na viatu miguuni. Namsalimu mama mkwe wangu Gertrudes, aliye chumbani na kikohozi chake na nyuzi zake za sufu. Namsalimu wifi yangu Eulália wa ghorofa ya chini, ambaye nikipiga chafya huku juu yeye ndiye wa kwanza kujua. Namsalimu Zulmira, mwanangu wa pekee, ambaye leo Jumamosi yuko kazini, na wenzake hawaoni ajabu. Namsalimu paka. Nami najisalimu mwenyewe, Idalina Raposo, mfungaji wa chokoleti. Sijambo, isipokuwa moyo.

Moyo ndio umenishikisha kalamu. Unanidunda. Muuguzi wa kiwandani amenipima, akasema hauna ugonjwa, una mawazo. Akasema niyaandike, nisiyalalie. Nikamwambia nimesoma madarasa manne tu, na hayo kisiwani. Akasema karatasi haiulizi cheti.

Karatasi ninayo. Zulmira huniletea kutoka kazini kwake, maabara ya kompyuta, zile pana zenye mistari ya kijani. Upande mmoja mashine imejaza mabano yake, upande wa pili mweupe. Mabano tupu! Kama kucha zilizokatwa.

Haya ndiyo mawazo yenyewe: Zulmira aliajiriwa kule kupiga chapa. Sasa wanamjaribu kutunga programu, naye anataka iwe kazi yake. Baba yake hataki. Wifi hataki. Mimi naogopa, lakini nataka.

Jumanne, 5 Machi

Theluji tena. Kiwandani tumeanza sungura wa Pasaka, na mimi niko kwenye Kwaresima, sionji.

Zulmira alirudi amechangamka. Nikamwambia, wewe, nieleze vizuri unachofanya, maana wifi huniuliza nami hujibu "kompyuta" kama kasuku. Akavuta maboksi ya chokoleti niliyoleta, yale yaliyobonyea.

Akasema mashine yao inaelewa lugha ya mabano. Kila kitu huwekwa ndani ya mabano, na hayo ndani ya mengine, na hayo ndani ya mengine tena. Ukiiambia jumlisha hiki na kile, kisha uongeze cha tatu, inaweka boksi ndani ya boksi. Mwisho inakuwa na jumla ndani ya jumla ndani ya jumla, na haioni kwamba vitu viwili vinavyofanana vimekaa maboksi tofauti. Kazi yake yeye ni kufungua ya ndani na kuvitandaza vyote kwenye mstari mmoja, bila kupoteza hata kimoja, bila kuvuruga mpangilio. Ila si kila boksi hufunguliwa. Jumla ndani ya jumla, fungua. Jumla iliyokaa ndani ya kuzidisha, iache na boksi lake, ukiimwaga hesabu yote imeharibika.

Nikasema nimeelewa. Za maziwa ndani ya za maziwa, mwaga. Zenye pombe usiguse, msimamizi atakula nawe sahani moja. Akanibusu. Bibi yake alikuwa ameshaula mfano wote, kimya kimya, na karatasi zake za kung'aa mapajani.

Armindo akauliza, kwa hiyo mtu analipwa kumwaga maboksi? Basi mama yako ni profesa miaka yote hii na mimi sijui.

Tulicheka. Lakini kisha akaleta lile la benki. Mume wa wifi ana binamu yake, meneja wa benki hapa mtaani. Wanatafuta msichana wa dirishani. Sketi nzuri, viti vyenye mito, saa kumi na moja uko nyumbani. Zulmira alisema asante baba, sitaki. Armindo alisema hajamuuliza kama anataka.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya.

Leo walikuwa na jaribio mbele ya Profesa Halvorsen, mkuu wao, kwa ajili ya wageni wanaokuja wiki ijayo. Zulmira akaweka fomula ndefu. Programu yake ikaitandaza — na haikukoma. Mashine ya kuchapa ikatoa karatasi, ikatoa, ikatoa, maneno yaleyale yanajirudia, mpaka karatasi zikawafika magotini. Vijana wanacheka. Mmoja akajifunga karatasi shingoni kama skafu. Ikabidi wazime.

Profesa hakupaza sauti. Alisema, "Miss Raposo, nadhani tumekuharakisha." Akamwambia Jumatatu arudi kwenye taipureta.

Hajala. Amekaa na supu mbele yake mpaka mafuta yakaganda. Ananiambia: mama, niliijaribu mara nyingi, ilikuwa inakoma. Ilikuwa inakoma!

Nilimwambia namwamini. Sijui programu, lakini najua huyu mtoto. Hawezi kutoka nyumbani bila kurudi kuangalia jiko mara mbili.

Ijumaa, 8 Machi

Ameona.

Alikwenda alfajiri, mashine ikiwa haina watu. Akaifungua programu yake — akakuta si yake. Yake ilikuwa ndefu, ukurasa mzima. Iliyomo ni mistari mitatu.

Huko kwao hakuna kufuli. Nilidhani ananitania. Kazi ya kila mtu iko wazi, yeyote anaweza kuingia akabadilisha, na wanajivunia hivyo. Mtu akikuta programu yako ni ndefu, anaifupisha. Haombi ruhusa wala hakuambii. Kwao ni heshima, ni kama kukupigia pasi nguo zako. Anayeweza kupunguza mstari mmoja zaidi ya mwenzake hutembea kifua mbele siku nzima. Armindo akasema, mahali gani hapo pasipo na komeo, hata banda la kuku lina komeo.

Na mashine huandika jina la aliyeshika mwisho. Zulmira hakutaka kunitajia. Nikamkodolea macho mpaka akataja.

Prentiss.

Prentiss wetu! Prentiss Lowry, mwenzake wa maabara, anayekula hapa Jumapili. Mrefu kama mlingoti, mikono ya sweta inamwishia viwikoni, mama yake yuko mbali na hapiki. Mimi ndiye niliyemzoesha supu ya kabichi na soseji. Bibi anamfumia soksi.

Nikauliza, sasa kosa lake ni lipi, maana mistari mitatu kama inafanya kazi ni mitatu. Zulmira alichukua soksi ya bibi. Akasema, mimi kila kitu nilikinakili, nikafuma mstari mpya kwa uzi mpya. Yeye kaona hiyo ni hasara. Kavuta uzi kutoka kwenye nguo ambayo bado mtu kaivaa, kaufunga moja kwa moja kwenye nyingine. Kwa fomula ndogo huoni kitu. Lakini ya Alhamisi ilikuwa na kipande kilekile mahali pawili. Mkia wake ukafungwa kwenye kichwa chake. Ikawa duara. Mashine inasoma, inafika mwisho, mwisho ni mwanzo, inaanza tena.

Bibi akasema arudishiwe soksi yake.

Nikamwambia Zulmira, Jumatatu unaenda kwa Profesa unamwambia ni Prentiss. Akakataa. Anasema kule hakuna mtu anayesema fulani kaniharibia. Unarekebisha na kunyamaza. Akisema, ataitwa msichana wa kupiga chapa anayelialia. Na mama, nakusihi, Jumapili usimwambie kitu.

Sikujibu. Kutojibu si kuahidi.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwambia.

Kwanza nilimpakulia. Sitamnyima mtu chakula kabla hajasikia kosa lake. Bakuli kubwa, mkate mtamu pembeni. Armindo anamsimulia habari za kiwanda cha nyama, Prentiss anaitikia tu ndiyo mzee, ndiyo mzee, na mdomo umejaa. Zulmira ananikanyaga mguu chini ya meza. Nikausogeza mguu.

Nikamuuliza, mwanangu Prentiss, ulifungua kazi ya Zulmira?

Uso ukamng'aa. Masikini, alifurahi. Akasema alikuwa anangoja Zulmira agundue mwenyewe. Akasema, "Ilikuwa ukurasa mzima, mama. Nimeifanya mistari mitatu. Ni nzuri mpaka unaweza kulia."

Zulmira akasema polepole, "Ndiyo iliyomwaga karatasi Alhamisi."

Kumbe Alhamisi hakuwepo, alikwenda kwao. Alisikia habari za karatasi magotini kama mzaha wa korido, hakujua ni programu ipi. Akaweka kijiko. Akachukua leso ya mezani, akaandika mabano juu yake, ndani ya mengine, ndani ya mengine. Midomo inacheza bila sauti. Bibi akaniuliza kwa nini mtoto hali, supu ina nini. Kisha nikaona masikio yanamgeuka mekundu, moja baada ya jingine.

"Kipande kilekile mara mbili," akasema.

Zulmira akasema ndiyo.

Na hapohapo — hapohapo! — akasema anaweza kuitengeneza kwa mistari minne. Akainama tena kwenye leso. Zulmira akamwekea mkono juu ya leso. Akamwambia hapana. Nataka yangu irudi kama ilivyokuwa. Prentiss akamtazama kama mtu aliyeambiwa arudishe vumbi sakafuni. Akasema lakini ni ndefu. Zulmira akasema ni ndefu na inakoma.

Mimi nikasema, na kwa Profesa nani atakwenda?

Armindo akasema, Idalina, mwache mgeni ale. Nikasema ale, simzuii, supu ni yake. Lakini mwanangu katajwa mbele ya watu kwa kosa ambalo si lake, na aliyelifanya anakula mkate wangu. Ale. Kesho aseme.

Prentiss hakusema atasema. Alisema asante kwa chakula. Alikunja leso, akaitia mfukoni. Leso yangu ya harusi.

Zulmira hasemi nami. Lakini kama ingekuwa kurudia, ningerudia.

Jumatatu, 11 Machi

Prentiss hakusema.

Alikuwepo, Zulmira alimwona, akapita upande wa pili wa korido.

Basi Zulmira alikwenda mwenyewe. Aliacha taipureta imefunikwa, akabisha kwa Profesa. Hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba iliyoendeshwa Alhamisi si aliyoiandika yeye, na anaomba iendeshwe yake, fomula ileile, Jumatano wageni wakiwepo. Profesa alimuuliza kwa nini si leo, wawili tu, mlango umefungwa. Zulmira akamjibu kwamba Alhamisi mlango haukufungwa.

Nilimwambia arudie sentensi hiyo. Aliirudia mara tatu. Sasa tunasemeshana.

Profesa alikubali. Jumatano saa nne. Ikimwaga karatasi tena, ni taipureta na hakuna kuzungumza. Ikikoma, anapewa meza yake kati ya watunga programu.

Ameiandika upya ile ndefu, yote, kutoka kichwani. Na juu kabisa, mahali pa kuweka maneno ambayo mashine haisomi, wanasoma watu tu, ameandika: NDEFU KWA MAKUSUDI. USIFUPISHE. Z. RAPOSO. Huko kwao haijawahi kutokea mtu kuandika hivyo. Mmoja amemwambia ni utovu wa adabu, ni kama kuweka kufuli. Akamjibu, si kufuli, ni maneno, unaweza kuyaruka ukitaka, lakini jina lako litabaki.

Huyu si mimi niliyemfundisha. Mimi naomba radhi hata kwa milango.

Jumanne, 12 Machi

Mchana wifi alipanda. Hakukaa. Amesema benki haiwezi kungoja, kuna msichana mwingine, Mwitaliano, tayari ana sketi. Kesho saa tatu asubuhi meneja atapiga simu hapa kwetu. Kama ni ndiyo, Zulmira anaanza wiki ijayo. Kama si ndiyo, basi. Armindo ameshamwambia mume wa wifi kwamba ni ndiyo. Bila kumuuliza mtoto! Bila kuniuliza!

Nikamwambia wifi, angalau tungoje hiyo saa nne. Akasema, "Idalina, wewe unampeleka mtoto kucheza na mabano mpaka azeeke. Dirisha la benki lina heshima. Nani ataoa mabano?" Nikamwambia yeye kaolewa na mtu anayefuga njiwa, na hatukusema kitu. Akashuka. Alipiga mlango mpaka paka akaruka.

Lakini alipoondoka nikakaa na woga wangu. Maana mimi hiyo benki nimeiona. Kuna joto. Kuna maua. Hakuna anayekucheka amejifunga karatasi shingoni. Na kesho ikimwaga tena, atakuwa hana benki wala meza, atabaki na taipureta na aibu, na ni mimi niliyemtia moyo. Hilo nalijua. Naliandika hapa ili lisinidunde kitandani.

Jioni, hodi mlango wa jikoni. Prentiss, na leso yangu. Kaifua. Haijatoka wino, mabano bado yanaonekana.

Alisimama kwenye ngazi na theluji mabegani. Alisema hajamwambia Profesa. Alisema mwezi huu Profesa anaisoma tasnifu yake, kazi ya miaka yote, ndiye atakayesema amefaulu au la, na kosa lile ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. "Ananipima, mama," akasema.

Nikamwambia, "Hata Zulmira anapimwa. Ila kosa ni lako, na mtihani ni wake."

Akatazama viatu. Akauliza kama Zulmira ameiandika tena yote. Nikasema yote. Akauliza anaweza kuiangalia kidogo tu usiku huu, kuhakikisha. Nikamwambia akiigusa, nitakuja huko kwao na hili sufuria, na si kwa kumletea supu.

Akacheka kidogo, kisha hakucheka.

Sikumkaribisha ndani. Supu ilikuwa motoni, harufu imejaa mpaka ngazini, naye amekonda. Nilifunga mlango. Imeniuma mpaka sasa.

Armindo nilimwambia habari ya simu wakati anavua viatu. Akasema yeye atakuwa kazini, mimi nitakuwepo kwa sababu ya kikohozi cha mama yake, basi nipokee niseme ndiyo, neno moja, si hotuba. Nikamuuliza, na Zulmira? Akasema Zulmira atashukuru baadaye. Sikubishana. Amechoka, mikono imempasuka kwa baridi ya nyama. Anampenda mtoto. Anampendea mahali pasipofaa, basi.

Jumatano, 13 Machi

Zulmira ameondoka giza bado. Alitaka kukaa karibu na mashine mpaka saa nne ifike, mtu asije akapita na mkono mwepesi. Nilimpa mkate na jibini. Nilimwambia habari ya benki, yote, baba yake alivyosema na saa ya simu. Sikutaka aende akiwa hajui. Alifunga skafu. Nikadhani atakasirika. Akasema tu, "Mama, utasema unavyoona." Akashuka.

Ninavyoona! Kama kwamba mtu ananiuliza kila siku ninavyoona.

Nimepiga deki. Nimempa bibi dawa. Nimepiga deki tena. Bibi amesema sakafu itakwisha.

Simu imelia saa tatu kamili. Meneja wa benki.

Sauti nzuri, ya mtu aliyenyoa. Akasema habari za asubuhi bibi Raposo, nimeletewa jibu la mzee, ninaelewa kila kitu kiko sawa, nilikuwa nahitaji tu kusikia kutoka nyumbani.

Nilikuwa nimeshika kamba ya simu kama kamba ya ng'ombe. Niliwaza yale maua yao. Niliwaza karatasi magotini. Nikamwambia, "Binti yangu ana kazi."

Akauliza kazi gani, maana aliambiwa ni mpiga chapa. Nikasema ni mtunga programu. Maabara ya ng'ambo ya reli. Akauliza tangu lini.

"Tangu leo," nikasema.

Akasema basi ampe yule Mwitaliano. Nikasema ampe, Mungu ambariki, sketi anayo. Nikamshukuru. Nikakata.

Bibi aliita kutoka chumbani, ni nani? Nikasema, si mtu wetu.

Chini nimesikia mlango wa wifi umefunguliwa, haukufungwa. Anasikiliza. Mwache asikilize. Jioni Armindo atarudi, nitamwambia mimi mwenyewe, kabla hajavua viatu, asisikie kwenye ngazi. Atapiga meza. Apige, ni meza ya mwaloni.

Sasa ni saa tatu na nusu. Bado hawajaanza. Nimekisema kitu ambacho hakijawa. Moyo unadunda, na muuguzi alisema niandike, basi naandika, lakini leo kuandika hakusaidii. Sijui kama Prentiss yupo pale, au kajificha, au mkono umemwasha usiku. Sijui kama fomula ina kipande mara mbili au mara mia. Simu nimeivuta mpaka hapa mezani, kamba imenyooka.

Zulmira, mwanangu. Ikikoma au isikome. Usile kwanza, usiongee na wageni kwanza. Nitumie neno, neno moja tu, upesi.